Kabla ya Kisu na Baada ya Kisu: Mambo ya Kujua Kuhusu Upasuaji wa Wazi wa Mgongo

Mada iliyotolewa na Idara yetu ya Afya katika semina ya kamati za parokia, Kibiti. Tumeichapisha karibu kama ilivyosomwa.

 

Tumepewa muda mfupi kuzungumzia upasuaji wa mgongo. Sisi si madaktari wa upasuaji. Kazi yetu ni kuwasindikiza wagonjwa kutoka huku hadi Dar es Salaam, kukaa na ndugu zao, na kuwatembelea wakisharudi nyumbani. Tutakayoyasema ni yale ambayo madaktari huwaeleza wagonjwa, lakini huwaeleza mgonjwa akiwa na maumivu na ndugu wakiwa na hofu, hivyo wengi hutoka chumbani bila kuyashika.

Barua zinazotufikia kuomba msaada wa upasuaji wa mgongo hufanana sana. Huandikwa jina, kijiji, makadirio ya gharama kutoka hospitali, na mwishoni maneno kwamba fedha zikipatikana mgonjwa atapasuliwa na atapona. Kamati husaini, hupiga muhuri, na harambee huanza Jumapili inayofuata. Tunashukuru kwa moyo huo. Lakini hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuombe nafasi ya kusimama hapa, kwa kuwa kupasuliwa mgongo na kupona ni mambo mawili, na kati yake kuna kazi nyingi ambayo hakuna anayeiombea mchango.

Mgongo wenyewe

Mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo, madaktari hukiita diski. Nyuma ya kila pingili kuna tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya bomba la mfupa. Ndani ya bomba hilo hupita ugwe, yaani kamba laini ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, ambayo unene wake haumzidi mtu kidole. Ugwe huishia juu kidogo ya kiuno, na kuanzia hapo mishipa hushuka ikiwa imetawanyika kama mkia wa farasi. Hiyo ndiyo inayoendesha miguu, kibofu na haja kubwa.

Mfupa ukivunjika huunga. Mshipa wa fahamu uliobanwa unaweza kupata nafuu ukifunguliwa mapema. Ugwe uliokatika au kupondeka kabisa hauungi, na mpaka leo hakuna daktari popote duniani anayeuunga. Tunaomba jambo hili likae vichwani, maana yote yanayofuata yanalitegemea.

Nani anaumia huku kwetu

Katika delta tunawajua. Mkwezi anateleza juu ya mnazi asubuhi yenye umande. Mtu anaanguka kutoka juu ya mwembe au mkorosho. Familia zinazolinda mpunga dhidi ya nguruwe na nyani hulala juu ya madungu, na ngazi ya dungu huoza bila mtu kuona. Halafu ipo barabara ya kwenda Dar es Salaam na bodaboda zake. Hatuko peke yetu katika hili. Watafiti walipopitia majalada ya wagonjwa wa KCMC, Moshi, walioumia ugwe kati ya mwaka 2010 na 2014, kuanguka ndiko kulikoongoza, kukifuatiwa na ajali za barabarani. Wengi wa waathirika wa namna hii ni wanaume walio katika umri wa kutafuta riziki.

Kundi la pili ni wenye maumivu ya siku nyingi: mama aliyebeba ndoo na magunia miaka thelathini, mvuvi anayevuta nyavu, fundi anayechana mbao. Hawa ndio wengi zaidi, na habari njema ni kwamba wengi wao hawahitaji kisu. Hata diski iliyotoka mahali pake na kubana mshipa wa mguu, ile hali ya maumivu yanayoshuka kutoka kalioni hadi unyayoni, mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu, kutembea kidogo kidogo na mazoezi. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2007 matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya namna hiyo. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipokwisha, wao na wale waliosubiri walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo daktari akimwambia mgonjwa wenu asubiri, asidhani ananyimwa haki yake kwa kuwa ni maskini. Inawezekana ndiyo tiba bora aliyopewa.

Kundi la tatu husahauliwa: kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huu hauhitaji kikohozi. Mtu anaumwa mgongo kwa miezi, anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni, kisha siku moja nduguze wanaona pingili imejitokeza na kibyongo kinaanza. Tumesikia ikisemwa kuwa amerogwa, au kwamba ni mifupa ya uzee, hata kwa mtoto wa miaka kumi. Dawa za kifua kikuu ni bure nchini kwetu, na kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa vidonge kwa miezi 9 hadi 12. Wengi hupona kwa vidonge peke yake. Kisu huingia pale miguu inapolegea, usaha unapobana ugwe, au mgongo unapopinda kupita kiasi. Hata hivyo aliyepasuliwa lazima amalize vidonge vyake. Upasuaji hauui wadudu wa kifua kikuu.

Sasa, zipo dalili ambazo hazisubiri wiki wala siku. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kukojoa au kuanza kujikojolea bila kujua, akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu ikizidi kulegea saa hadi saa, hiyo ni dharura kama vile uzazi uliokwama. Tunalisema wazi mbele ya wazee kwa sababu watu huona haya kutaja sehemu hizo, na haya hiyo imewagharimu watu miguu yao.

Safari ya kutoka deltani

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninyi mna uwezo kuliko daktari yeyote.

Mkwezi akianguka, watu hukimbia. Mmoja anamshika makwapani, mwingine miguuni, wanamkunja katikati kama gunia na kumpeleka kivulini. Kisha anaitwa mtu wa kumchua na kumnyoosha. Kisha inaletwa pikipiki, mgonjwa anakalishwa katikati ya dereva na shemeji yake, kichwa kikining'inia. Pingili iliyovunjika ina ncha kali, na ugwe uko pale pale ndani yake. Kuna mtu aliyeanguka akiwa bado anachezesha vidole vya miguu, na akafika zahanati havichezi tena. Hatusemi hivyo kuwalaumu waliombeba, walifanya kwa upendo. Tunasema ili safari nyingine ibadilike.

Kabla ya kumgusa, muulizeni kama anasikia miguu yake na kama anaweza kuchezesha vidole, mkakumbuke jibu na saa, maana daktari atauliza. Asiketishwe wala kusimamishwa. Tafuteni kitu kigumu na kirefu: mlango, ubao wa dau, hata mbao mbili zilizofungwa pamoja. Mmoja ashike kichwa akikilinganisha na mwili, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, ubao uingizwe chini, arudishwe juu yake. Kichwa kikingwe pande zote mbili kwa kanga zilizoviringishwa au vifuko vya mchanga, na afungwe kwa vitambaa kifuani, nyongani na magotini. Ubao huo ndio utakaoingia kwenye boti na baadaye kwenye gari. Wachuaji wetu tunawaheshimu na wana kazi yao, lakini mtu aliyeanguka asichuliwe wala kuvutwa mpaka eksirei isome.

Baada ya hapo ni maji na barabara. Anayetoka Msala, Kiongoroni au Mbwera anajua kuwa boti haiamuliwi na mgonjwa bali na maji kujaa na kupwa, na kwamba kutoka Nyamisati bado kuna barabara hadi Bungu ndipo ukutane na lami. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwafundisha wote kuwa hata lami si ya kuitegemea. Namba 115 ya mpango wa m-mama imewaokoa akina mama, lakini iliwekwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, haikuwekwa kwa aliyeanguka mnazi. Kwa hiyo kijiji kinapaswa kujua mapema nani ana boti yenye injini, nani ana mafuta ya akiba, na nani atalipwa baadaye bila maneno mengi. Tunaziomba kamati za delta ziwe na orodha hiyo imebandikwa zahanati, pamoja na ubao mmoja uliotengenezwa na fundi kwa kazi hiyo tu. Huo ubao ni miongoni mwa misaada midogo kuliko yote ambayo wafadhili wetu wanaweza kutoa.

Kwa nini tunahimiza haraka? Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha watu 313 walioumia ugwe shingoni. Miongoni mwa waliofunguliwa mbano kabla ya saa 24, karibu mmoja kati ya watano alipata nafuu kubwa ndani ya miezi sita. Miongoni mwa waliocheleweshwa, hawakufika mmoja kati ya kumi. Kwa mtu wa deltani saa 24 ni ndoto kwa sasa, tunajua. Lakini saa 48 ni bora kuliko wiki mbili, na wiki mbili ndizo tunazoziona mara nyingi.

Rufaa ya kawaida hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au ya misheni kama Mchukwi, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iliyoko Kibaha, na mwisho Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI. Tazameni ramani: kwa mtu wa Kibiti, kwenda Kibaha ni kupita kwanza pembezoni mwa Dar es Salaam, kisha kutoka tena kwa barabara ya Morogoro. Kwa mtu ambaye miguu imelegea, muulizeni kwa heshima daktari anayeandika rufaa kama anaweza kumwandikia moja kwa moja MOI kama dharura, na apige simu kabla gari halijaondoka.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

MOI ni taasisi ya umma iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na ndiyo kituo kikuu cha upasuaji wa mgongo nchini. Kwa miaka mingi imeshirikiana na madaktari wa Weill Cornell, New York, katika mafunzo ya upasuaji wa ubongo na mgongo.

Upasuaji wa wazi ndio ule wa asili, ambao wengi wa wagonjwa wetu hufanyiwa. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, halafu hulazwa kifudifudi. Daktari hupasua katikati ya mgongo, urefu ukitegemea pingili ngapi zinashughulikiwa, na kuibandua misuli kutoka kwenye mfupa kushoto na kulia ili aone kwa macho yake. Kama ni mbano, huondoa sehemu ya mfupa wa nyuma inayofunika ugwe, kazi iitwayo laminektomi, kama mtu anayeezua bati kumtoa aliyenaswa ndani. Kama ni diski, hutoa kile kipande kilichochomoza. Kama pingili zimevunjika na kulegea, huzifunga kwa skrubu na fito za chuma, na mara nyingi huweka vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe ili pingili ziote pamoja. Kuotesha pingili namna hiyo kulianza New York mwaka 1911 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo, kabla dawa zake hazijavumbuliwa. Kwa kawaida vyuma huachwa humo humo. Lakini chuma peke yake hakidumu. Kazi yake ni kushikilia miezi ile ambayo mfupa unaota, na ndiyo maana anayevuta sigara huambiwa aache, kwani sigara huuchelewesha mfupa.

Mtu akisikia kuwa nje wanapasua kwa tundu dogo kwa kutumia mirija na hadubini, huuliza kama sisi tunapewa tiba ya zamani. Upasuaji wa tundu dogo hupunguza damu inayopotea, na mgonjwa huondoka wodini mapema. Kwa mwenye diski, matokeo ya mwaka mmoja au miwili baadaye hayapishani sana. Na kwa mfupa uliosagika au usaha uliojaa, mara nyingi madaktari wa nchi tajiri nao huufungua mgongo wazi.

Kabla ya siku hiyo mgonjwa atapimwa damu, presha na sukari, atapigwa eksirei na mara nyingi CT-skani au MRI. Ndugu wataombwa kuchangia damu. Damu haiuzwi, na mtu akidai fedha kwa ajili yake, toeni taarifa. Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, pamoja na aspirini na za miti shamba. Hatuna ugomvi na miti shamba. Baadhi huifanya damu isigande, na mtoa dawa ya usingizi anahitaji kujua. Ataambiwa asile wala kunywa kwa saa kadhaa. Uji wa kumwonea huruma alfajiri unaweza kumwingia mapafuni akiwa usingizini.

Hatari zipo, na karatasi ya ridhaa anayoisaini ndiyo inayozitaja: kidonda kuingia wadudu, damu kupotea, utando wa ugwe kutoboka na maji yake kuvuja, mshipa kuumia, damu kuganda mguuni na kukimbilia mapafuni, skrubu kukaa vibaya au kuvunjika, na kulazimika kurudi tena mezani. Tunaomba mtu asisaini kwa kidole gumba kitu ambacho hakusomewa. Maswali ni machache. Upasuaji huu ni wa kuondoa maumivu, wa kurudisha nguvu, au wa kuushikilia mgongo ili niweze kuketi? Nisipopasuliwa itakuwaje? Ugwe wangu umebanwa au umekatika? Daktari mzuri hatachukizwa.

Jibu la swali la kwanza ndilo hasa linalobadilisha barua zetu. Mwenye diski hupata nafuu ya mguu kuliko ya kiuno. Mwenye ugwe uliobanwa nusu anaweza kupata nguvu taratibu kwa miezi. Na yule ambaye ugwe umekatika hupasuliwa ili mgongo usimame imara, maumivu yapungue, aketi, afundishwe kuhamia kwenye kiti, asife kitandani. Huo ni msaada mkubwa unaostahili kuchangiwa. Ila kamati ikiwaahidi waumini kwamba atarudi anatembea, na akarudi amebebwa, watu husema fedha zimeliwa au Mungu hakusikia, na mchango wa pili haupatikani, wakati ndipo unapohitajika.

Fedha

Madaktari wa MOI na wenzao walichapisha mwaka 2020 utafiti kuhusu wagonjwa walioumia mgongo na hawakupasuliwa. Gharama, hasa ya vyuma, ilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo mnapochangia vyuma, mnagusa penyewe. CHF iliyoboreshwa ilipoanza ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma yake iliishia hospitali ya mkoa. Wengi waligundua hilo wakiwa mlangoni Muhimbili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Msikisie kadi ya mgonjwa inalipa nini. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kuvuka maji. Na asiye na kitu kabisa apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ile ile ya kwanza, akiwa na barua ya serikali ya kijiji. Akisubiri mpaka bili itoke, amechelewa.

Pendekezo letu kwa mifuko ya wagonjwa ya parokia ni hili, na tunajua baadhi yenu hamtalipenda: katika kila shilingi mbili zinazokusanywa kwa ajili ya mgongo, moja ibaki benki kwa ajili ya siku baada ya kutoka hospitali. Wafadhili wetu nao wakubali kupokea taarifa ya godoro, nauli ya kliniki na chakula cha msindikizaji, kama wanavyopokea picha ya mgonjwa wodini.

Baada ya kurudi

Mwenye kidonda cha upasuaji anayetembea hana shida kubwa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na zahanati inaweza kufanya hivyo akiwa na barua. Atembee kila siku kidogo. Kulala muda wote si dawa. Asiiname kuchota maji, asibebe ndoo, gunia wala mtoto, asipande boti inayorusharusha, mpaka daktari aseme. Kwa aliyefungwa vyuma ni miezi. Shamba halitamsubiri, hivyo jumuiya yake ndiyo itakayopalilia mpunga msimu huo. Karatasi na picha zake zifungwe kwenye kitu kisichoingiza maji. Akipata homa, usaha, maji meupe kama ya chupa yakitoka kwenye kidonda huku kichwa kikiuma akiketi, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana au miguu kulegea upya, arudi mara moja.

Aliyepooza ni habari nyingine. Miaka ya nyuma, hata Ulaya, waliopooza namna hii wengi walikufa mapema, na hawakuuawa na mgongo. Waliuawa na vidonda vya kulalia na mkojo uliooza kibofuni. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa ilikuwa kumgeuza mgonjwa kila saa mbili usiku na mchana, kulinda kibofu, kisha kumpa kazi na michezo. Michezo ya Paralimpiki ilizaliwa hapo. Kugeuza mtu hakuhitaji umeme wala daktari bingwa. Kunaweza kufanyika Salale.

Lakini saa mbili usiku na mchana ni mara kumi na mbili kwa siku, na mke peke yake hawezi. Baada ya wiki tatu amechoka, baada ya miezi mitatu amekimbilia kwao, na kijiji kinamsema. Tunaomba kamati iweke zamu, wanaume wakiwamo, kama tunavyofanya msibani. Alale juu ya godoro la sponji. Kitanda cha kamba humchimba. Kila asubuhi atazamwe kwenye mwanga: makalio, nyonga, visigino. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani, hivyo tafuteni palipo peusi zaidi, penye joto au pagumu. Pakionekana, pasilaliwe tena mpaka parudi kawaida. Na jambo moja ambalo wapendwa wetu hulikosea: miguu isiyosikia isikandwe kwa maji ya moto wala kuwekwa karibu na jiko. Itaungua na mwenyewe hatajua.

Kuhusu mkojo, mpira unaoachwa humo kwa miezi huleta maradhi. Mgonjwa wengi wao anaweza kufundishwa kuingiza mpira safi mwenyewe mara nne au tano kwa siku na kuutoa. Ombeni mafunzo hayo kabla ya kuruhusiwa kutoka, mgonjwa na msindikizaji wake wote wawili. Msiondoke wodini bila kuonyeshwa.

Wageni wetu, mtatusamehe tukisema neno kuhusu viti vya magurudumu. Tumevipokea kwa shukrani, na vingi viko pembeni ya nyumba, kuku wakitagia. Viti vyenye magurudumu membamba vilitengenezwa kwa sakafu ya saruji, na mchanga wa delta huvimeza. Vipo viti vya magurudumu matatu vilivyobuniwa kwa njia mbovu, na chuo cha TATCOT, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa vifaa vya walemavu tangu 1981. Kiti kimoja cha namna hiyo, alichopimwa mwenyewe na chenye mto wa kuzuia vidonda, kina faida kuliko kontena zima.

Muda wetu umekwisha na chai iko tayari. Kabla ya chai tunaomba wajumbe watano wenye nguvu waje hapa mbele, na kijana mmoja akubali kuwa mkwezi aliyeanguka. Mlango wa stoo tumeung'oa kwa ruhusa ya Paroko, na kanga zipo kwenye meza ile. Yule wa kichwani ndiye atakayehesabu moja, mbili, tatu; wengine wasimtangulie.